Stefanie Horovitz: Mkemia aliyepima risasi ya Morogoro na kuthibitisha isotopu

MKOA wa Morogoro unafahamika kwa mito, misitu na mashamba yake. Katika historia ya kemia, hata hivyo, jina lake limeandikwa kwa sababu nyingine: fuwele nyeusi zenye urani zilizotoka Milima ya Uluguru na kufikishwa katika maabara za Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20. Miongoni mwa waliozichunguza alikuwamo mwanamke kijana mjini Vienna, Dkt. Stefanie Horovitz. Kutokana na risasi aliyoitenga kutoka katika fuwele hizo, yeye na mwenzake Otto Hönigschmid walisaidia kuthibitisha kwamba atomu za elementi moja zinaweza kuwa na uzito tofauti, jambo ambalo leo hufundishwa katika shule za sekondari kwa jina la isotopu.

Risasi inayozungumzwa hapa ni ile metali nzito ya rangi ya kijivu ambayo tangu zamani ilimiminwa katika kalibu kutengenezea risasi za bunduki. Ndani ya mawe ya Uluguru ilikuwa kiasi kidogo tu, lakini kiasi hicho kilibeba habari za asili ya mawe yenyewe.

Ulanga na fuwele nyeusi

Barabara itokayo mjini Morogoro kwenda Matombo hufuata miguu ya Uluguru upande wa mashariki na kupita Mkuyuni, katika nchi ya migomba na miti ya matunda. Miamba inayobeba milima hiyo ni ya kale sana. Wanajiolojia huihesabu kuwa sehemu ya Ukanda wa Msumbiji, ukanda mrefu wa miamba iliyopikwa kwa joto na kukandamizwa kwa uzito mkubwa chini ya ardhi wakati mabara ya kale yaliposukumana na kuungana.

Mahali pengi miamba hiyo imekatwa na mishipa ya mwamba wa rangi nyeupe wenye fuwele kubwa, uitwao pegmatiti. Humo ndimo unamopatikana ulanga, madini yanayobanduka karatasi moja moja kama kurasa za kitabu. Ulanga haupitishi umeme na huvumilia moto, kwa hiyo viwanda vya Ulaya viliuhitaji kwa vifaa vya umeme na kwa vidirisha vya majiko. Wakati wa utawala wa Wajerumani machimbo ya ulanga yalifunguliwa Uluguru, na pamoja na ulanga zikaonekana fuwele nyeusi, nzito kuliko ukubwa wake, zilizozungukwa na ganda la rangi ya njano.

Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald wa Berlin alichapisha uchunguzi wake wa mawe hayo. Fuwele nyeusi zilikuwa uraninaiti, mbale yenye urani kwa wingi. Ganda la njano lilikuwa madini ambayo sayansi haikuwa imeyapa jina, yaani kabonati ya urani iliyotokana na kuharibika taratibu kwa uraninaiti. Marckwald aliyaita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, mwanasayansi wa mionzi aliyezaliwa New Zealand. Hadi leo Morogoro ndiyo iliyoandikwa katika orodha za madini kuwa mahali ambapo madini hayo yalielezwa kwa mara ya kwanza.

Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Kabla ya hapo mizigo ilitoka milimani hadi pwani kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Taarifa za maabara zilitaja mahali mawe yalikotoka. Waliochimba na kubeba hawakutajwa.

Binti wa mchoraji

Stefanie Horovitz alizaliwa mjini Warsaw mwezi Aprili 1887, katika familia ya Kiyahudi. Warsaw wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Urusi. Baba yake, Leopold Horovitz, alikuwa mchoraji mashuhuri wa picha za watu, aliyepata wateja hata katika jamii ya watawala. Stefanie angali mtoto, familia ilihamia Vienna, makao makuu ya himaya ya Austria na Hungaria, na huko ndiko alikokulia na kusomea.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1907. Wanawake walikuwa wameruhusiwa kusoma humo miaka michache tu iliyotangulia, na wengi wa waliohitimu hawakupata nafasi ya kazi ya kisayansi. Horovitz alisomea kemia ya misombo ya kaboni na kutunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1914. Utafiti wake wa shahada haukuhusu madini wala mionzi. Mlango wa fani hiyo ulifunguliwa na Lise Meitner, mwanafizikia wa Austria aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliyempendekeza kwa Hönigschmid wakati mkemia huyo alipokuwa akitafuta msaidizi mwenye mikono makini.

Mahali pa kazi palikuwa Taasisi ya Utafiti wa Radiamu ya Vienna, iliyofunguliwa mwaka 1910. Austria ilikuwa na bahati ya kumiliki machimbo ya Joachimsthal, ambayo leo yamo katika Jamhuri ya Cheki, na mabaki ya mbale ya huko ndiyo yaliyowapa watafiti wa Ulaya radiamu yao ya kwanza. Mji huo ulijulikana hata kabla ya urani. Fedha yake ilifuliwa sarafu zilizoitwa kwa jina la mji, na kutokana na jina hilo likapatikana neno dola, ambalo kwa njia ndefu limefika hadi katika dala na daladala za Tanzania. Taasisi ya Vienna ilijulikana pia kwa kuwapokea wanawake watafiti kwa idadi isiyo ya kawaida kwa zama zile.

Swali la mwaka 1913

Horovitz aliingia maabara wakati wanakemia walikuwa wakibishana juu ya jambo la msingi. Kwa zaidi ya karne moja ilikuwa imekubalika kwamba kila elementi ina uzito mmoja wa atomu usiobadilika. Dhahabu ilikuwa na wake, chuma na wake, risasi na wake, uliokadiriwa kuwa 207.2. Uzito huo ulichukuliwa kuwa kitambulisho cha elementi, popote itakapochimbwa.

Ugunduzi wa mionzi ulitikisa imani hiyo. Atomu za urani zilionekana kujivunja zenyewe na kuzaa elementi nyingine, hatua kwa hatua, hadi kufikia kitu tulivu kisichovunjika tena. Mwaka 1913 Frederick Soddy, akifanya kazi Glasgow, na Kasimir Fajans, aliyekuwa Karlsruhe nchini Ujerumani, walieleza kila mmoja kwa upande wake kanuni za mabadiliko hayo. Kwa mujibu wa kanuni hizo mwisho wa safari ya urani ni risasi, na mwisho wa safari ya thoriamu pia ni risasi, lakini risasi hizo mbili zisingelingana kwa uzito.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Atomu ya urani yenye uzito wa 238 hurusha chembe nane za heliamu, kila moja ikiwa na uzito wa 4, kabla ya kutulia. Nane mara nne ni 32, na 238 ikitolewa 32 hubaki 206. Thoriamu yenye 232 hurusha chembe sita na kubaki na 208. Ikiwa nadharia ni ya kweli, basi risasi iliyozaliwa na urani lazima iwe nyepesi kuliko risasi ya dukani, ingawa kikemia haitofautiani nayo hata kidogo. Ikiwa risasi zote zingekutwa na uzito mmoja, nadharia ingeanguka.

Tofauti iliyotarajiwa ilikuwa ndogo, zaidi kidogo ya nusu ya asilimia moja. Uchafu kidogo tu ungetosha kuleta tofauti ya uongo au kuificha ya kweli. Mtu pekee aliyeweza kuliamua shauri hilo ni yule ambaye kazi yake isingeweza kutiliwa shaka.

Kazi ya mizani

Hönigschmid alikuwa amejifunza upimaji wa uzito wa atomu kwa Theodore Richards wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, bingwa wa fani hiyo duniani. Yeye na Horovitz walifuata utaratibu uleule mkali. Mbale iliyeyushwa kwa asidi, risasi ikatengwa na elementi nyingine, kisha ikasafishwa kwa kuyeyushwa na kuachwa igande fuwele tena na tena, katika vyombo vya kwatzi na platini ili kioo cha kawaida kisiitie uchafu. Risasi safi iligeuzwa kuwa kloridi, ikakaushwa, ikapimwa. Baadaye kloridi hiyo iliyeyushwa katika maji na kutiliwa fedha iliyokwisha kupimwa, hadi klorini yote ikamatwe. Kwa kulinganisha uzito wa kloridi na uzito wa fedha, uzito wa atomu ya risasi ulipatikana kwa hesabu.

Kila kipimo kilirudiwa mara nyingi. Kosa la mkono lililoingia hatua ya mwanzo lilijitokeza mwishoni, na kazi ya siku nyingi ikawa haina thamani.

Mwaka 1914 walitangaza matokeo ya kwanza. Risasi ya mbale ya Joachimsthal ilikuwa na uzito wa takriban 206.7, chini ya ule wa risasi ya kawaida waliyoipima kwa vyombo vilevile. Mwaka huohuo Richards na Max Lembert nchini Marekani, na Maurice Curie mjini Paris, nao walipata risasi nyepesi katika mbale za urani. Soddy alipata risasi nzito zaidi katika madini ya thoriamu kutoka Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka. Mwelekeo ulikuwa wazi, lakini 206.7 haikuwa 206. Mpinzani angeweza kuuliza kwa nini nadharia imefika nusu ya njia.

Jibu kutoka Uluguru

Jibu lilikuwa katika asili ya mbale yenyewe, na hapo ndipo mawe ya Morogoro yalipopata umuhimu wake.

Mbale ya Joachimsthal iliwekwa na maji ya moto yaliyopita katika nyufa za miamba yakiwa yamebeba mchanganyiko wa fedha, kobalti, bismuthi na risasi ya kawaida. Vyote viligandamana katika mishipa ileile. Kwa hiyo aliyetenga risasi kutoka katika mbale hiyo alipata risasi za aina mbili kwa pamoja: iliyozaliwa na urani baada ya mbale kuumbika, na iliyoletwa na maji tangu mwanzo. Uzito aliousoma ulikuwa wastani wa hizo mbili.

Fuwele za Uluguru zilizaliwa kwa namna nyingine. Mwamba ulioyeyuka unapopoa chini ya ardhi, madini ya kawaida huganda kwanza na kuchukua elementi zinazolingana na nafasi zilizomo katika fuwele zao. Elementi zisizopata nafasi, kama urani na thoriamu, hubaki katika kimiminika cha mwisho. Kimiminika hicho hupenya katika nyufa na kuganda kuwa pegmatiti. Uraninaiti inapojijenga humo huikaribisha urani kwa wingi, lakini risasi haiendani vizuri na muundo wake, kwa hiyo karibu yote huachwa nje. Risasi inayokutwa baadaye ndani ya fuwele kama hiyo, ikiwa safi na nzima, kwa sehemu kubwa sana imezaliwa humohumo.

Horovitz na Hönigschmid walipoipima risasi ya uraninaiti ya Morogoro, walipata uzito wa karibu 206.05. Fuwele za aina inayokaribiana na hiyo kutoka Moss nchini Norwei zilitoa takriban 206.06. Mawe ya nchi mbili zilizo mbali vile, kutoka mabara mawili, yalifika karibu mahali pamoja, hatua ndogo tu kutoka 206 iliyotabiriwa. Rangi za mwanga wa risasi hiyo ilipochomwa zilikuwa zilezile za risasi ya kawaida, na tabia zake za kikemia zilikuwa zilezile. Uzito tu ndio uliotofautiana. Tangu hapo ikawa vigumu kwa mkemia makini kukana kuwapo kwa isotopu.

Matokeo hayo yalitoka wakati Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeanza. Agosti 1916 majeshi yaliyopigana upande wa Uingereza yaliingia Morogoro, na utawala wa Wajerumani katika milima iliyotoa fuwele hizo ukafikia mwisho.

Saa ndani ya mawe

Kazi hiyo ilifungua njia nyingine. Ikiwa risasi ndani ya fuwele imetokana na urani, na ikiwa kasi ya urani kuvunjika inajulikana, basi uwiano wa viwili hivyo unaeleza fuwele ina umri gani. Nusu ya urani yenye uzito wa 238 huchukua takriban miaka bilioni 4.5 kugeuka. Katika miaka milioni 600, atomu karibu 9 katika kila 100 huwa zimekwisha kugeuka.

Wataalamu waliofuata, akiwamo mwanajiolojia wa Uingereza Arthur Holmes, waliyahesabu mawe ya Morogoro miongoni mwa mifano ya kupimia umri wa dunia. Umri uliopatikana, wa takriban miaka milioni 600, unalingana na kipindi ambacho mabara ya kale yaliungana na kuipika miamba ya Ukanda wa Msumbiji. Kipimo cha uzito wa risasi, ambacho hufaa pia kubainisha kama mbale imechanganyika, kikawa sehemu ya kumbukumbu ya namna Uluguru ilivyoumbika.

Kutoka maabara hadi nyumba ya watoto

Mwaka 1916 Dkt. Horovitz na Hönigschmid walitoa ushahidi wa pili. Kitu kilichoitwa ioniamu, ambacho kilikuwa kimepewa nafasi yake kama elementi inayojitegemea, walikionesha kuwa thoriamu yenye uzito pungufu. Kwa hiyo isotopu hazikuwa jambo la risasi peke yake.

Huo ulikuwa karibu mwisho wa maisha yake ya kisayansi. Vita vilipokwisha mwaka 1918, himaya ya Austria na Hungaria ilivunjika na fedha za utafiti zikaadimika. Hönigschmid alipata cheo cha profesa mjini Munich na kuendelea kuwa mmoja wa wapimaji wakubwa wa uzito wa atomu hadi alipofariki mwaka 1945. Horovitz hakupata nafasi kama hiyo.

Aligeukia kazi ya watu. Mwaka 1924, pamoja na Alice Friedmann, mwanasaikolojia wa mkondo wa Alfred Adler, alianzisha mjini Vienna nyumba ya malezi kwa watoto na vijana waliohitaji matibabu ya kisaikolojia. Mji ulikuwa umejaa familia zilizovunjwa na vita na njaa.

Mwaka 1937 alirudi Warsaw alikokuwa dada yake. Miaka miwili baadaye Ujerumani ya Wanazi iliivamia Polandi, na Wayahudi wa Warsaw wakafungiwa katika mtaa uliozungushiwa ukuta. Mwaka 1942 Stefanie Horovitz alipelekwa katika kambi ya maangamizi ya Treblinka na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 55. Habari za kifo chake zilijulikana kwa wanasayansi wenzake miaka mingi baadaye kupitia kwa Fajans, ambaye naye alizaliwa Warsaw na aliifahamu familia hiyo.

Soddy alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1921 kwa mchango uliojumuisha utafiti wake wa isotopu, na Richards alipata ya mwaka 1914 kwa upimaji wa uzito wa atomu. Kwa miongo mingi vitabu viliyataja matokeo ya Vienna kwa jina la Hönigschmid peke yake au bila jina lolote. Katika miaka ya karibuni watafiti wa historia ya sayansi wamerejesha jina la Horovitz mahali pake, kwa kurudi katika makala alizozitia saini mwenyewe.

Urithi wake kwa Tanzania

Kanuni aliyoisaidia kuithibitisha hutumika kila siku katika utafutaji wa madini. Mashine za sasa hupima isotopu za risasi na chembechembe za elementi adimu katika punje ndogo kuliko ya ulezi, na matokeo yake huonesha kama mbale ililetwa na maji ya moto, iliganda kutoka katika mwamba ulioyeyuka, au ilikusanywa na maji ya ardhini. Tofauti hizo zina maana kwa nchi. Urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo mkoani Ruvuma, imo katika mawe ya mchanga. Ile ya Bahi na Manyoni imo katika tabaka za chokaa karibu na uso wa ardhi. Fuwele za Uluguru ni za pegmatiti. Kila aina hutafutwa, huchimbwa na kudhibitiwa kwa namna yake.

Nchini, uchunguzi wa sampuli za miamba na madini hufanywa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania yenye makao yake Dodoma, huku udhibiti wa mionzi ukiwa chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Mwananchi wa Mkuyuni au kwingineko anayeokota jiwe jeusi lenye uzito usio wa kawaida na ganda la njano anashauriwa asiliponde wala kuliweka ndani ya nyumba, bali atoe taarifa kwa ofisi ya madini iliyo karibu, ili lipimwe na wenye vyombo na ujuzi wa kazi hiyo.